Bibi Muuguzi Anajibu: Nge wa Kaskazi

Kaskazi ikishika, barua zangu hubadilika. Miezi mingine mwaniuliza presha, sukari na miguu ya wazee. Ikifika Januari, jua likapasua vichwa na usiku usiwe na hata upepo wa kupepea ncha ya kanga, ni nge, nge, nge. Safari hii zimekuja barua kumi na tisa, zote za Lamu na Malindi. Nimejibu nane. Waliobaki wasininunie, nyingi zilikuwa swali lile lile moja.

Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Langoni, Lamu. Sina shahada ya wadudu. (Nge si mdudu, ni jamaa ya buibui, ana miguu minane, lakini tukianzia hapo hatutafika.) Nilicho nacho ni kumbukumbu ya vidole vingi vilivyoumwa, na kitochi. Mjukuu wangu ana kibanda cha M-Pesa, na kibandani mna ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Mmulike nge kwa taa ile gizani, atawaka kijani kama zile tasbihi za kung'aa ambazo mahujaji hutuletea. Tangu nilipokigundua kitochi kile, mjukuu hukipata kwa zamu.

*Shikamoo Bibi. Nakaa Mkomani, nyumba ya mawe ya babu. Kwa wiki mbili nimeona nge watatu bafuni, mmoja chini ya mtungi. Jirani asema nyumba imetupiwa kitu. Mume wangu yuko safarini na mimi silali. Nifanyeje? — Mama wa wawili, Mkomani*

Marahaba, mwanangu. Jirani mpelekee kikombe cha chai, mshukuru kwa kukuonea huruma, kisha mwambie hakuna aliyetupa kitu. Hao nge hawakuletwa. Jamaa zao wamo humo pengine tangu babu yako hajaoa.

Itazame nyumba yenyewe. Ukuta wa matumbawe na chokaa, mnene, umejaa vitundu. Mchana unakunywa joto, usiku unalitema polepole. Juu kuna boriti, na kila boriti ilipoingia ukutani pana pengo ambalo fundi hakuliziba, au aliliziba na chokaa ikaanguka zamani. Nge ni bapa, hupita penye upenyo ambao wewe hupitishi ncha ya kidole. Ukitaka kumjengea nge nyumba ya kifahari, hutajenga tofauti na walivyojenga wazee wetu.

Mbona bafuni, na mbona sasa? Nge hanywi sana. Maji yake mengi huyapata miilini mwa anaowala. Lakini kaskazi ikikausha kila kitu naye hutafuta unyevu, na kwako unyevu uko wapi? Chini ya mtungi, nyuma ya birika, ndani ya taulo lililoachwa sakafuni. Halafu kuna chakula. Mende wa chooni ndio wali wake. Wewe unaona nge watatu bafuni. Mimi naona mende ambao hujawahesabu.

Nami usinione mjuzi. Mwaka juzi nilikuwa naapa nyumba yangu haina hata mmoja. Mjukuu akaja na kitochi, mwezi umeandama juzi yake, giza totoro. Kichochoro baina ya ukuta wangu na wa jirani ni hatua ishirini: tukahesabu kumi na mmoja. Mmoja alikuwa amejibanza juu kidogo ya komeo la mlango wangu, shibiri moja hivi kutoka ninapotia mkono. Miaka mingapi nimefungua komeo lile gizani nikirudi harusini?

Basi fanya haya. Mtungi uinue juu ya kigoda, pawe na hewa chini. Kifuniko cha shimo la choo kikae barabara, na makombo ya jikoni yasilale. Nyufa ziba kwa chokaa, si saruji. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe hubanduka na kuacha pango kubwa kuliko lile la kwanza. (Mafundi vijana hawapendi kusikia hili, kwa kuwa saruji hukauka upesi nao wakalipwa upesi.) Kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisiburute sakafuni. Kila mguu wa kitanda utie ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, zile za jemu: nge hapandi kioo safi, huteleza. Vitanda vya samadari vya zamani vilikuwa virefu hata ukapanda kwa kigoda; sitashangaa kama nge nao walihesabiwa.

Na viatu. Mama yangu kila asubuhi aligonga makubadhi yake sakafuni, ko-ko, ko-ko, kabla ya kuyavaa. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Nikafika utu uzima ndipo nikaona kilichodondoka.

*Bibi, salamu kutoka Marafa. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka minne aliumwa mguuni saa tatu usiku alipotoka nje kujisaidia. Nge alikuwa mdogo, rangi ya majani makavu, tukamdharau. Mama mkwe akafunga mguu kwa kitambaa, akachanja kwa wembe na kubandika jiwe jeusi. Mtoto akalia usiku kucha, mate yakamtoka mengi, macho yakawa yanahangaika. Alfajiri tukambeba kwa bodaboda hadi hospitali. Alilazwa siku mbili, akapona. Daktari alitufokea mbele ya watu. Tulikosea wapi? Na angekuwa yule mkubwa mweusi si angemuua? — Baba, Marafa*

Baba, kwanza Mungu ashukuriwe. Pili, kwa kule kufokewa naomba radhi mimi kwa niaba ya kazi yetu, kwa sababu enzi zangu nilifoka sana, na nilichovuna ni hiki: mzazi aliyefokewa leo, siku nyingine huchelewa zaidi.

Sasa nitajibu kwa kuanzia mwisho wa barua yako, maana humo ndimo lilimo kosa lenyewe. Mlimdharau kwa kuwa mdogo. Pwani nzima tuko hivyo. Akipita jitu jeusi lenye mikono kama ya kaa, mtaa mzima hutoka na mipini. Akionekana kimbaombao cha rangi ya mchanga, mtu humsukuma kwa kandambili na kuendelea na mazungumzo. Ni kinyume kabisa.

Mtazame nge mahali pawili, mikono na mkia. Mikono minene na mkia mwembamba: huyo nguvu zake ziko mikononi, humbana mnyama wake akamvunja, hivyo hahitaji sumu kali. Mikono myembamba kama vijiti na mkia mnene: huyo hana ubavu wa kubana, kazi yote kaipa sumu. Umbo la mwili ni kipimo kisichokosa kuwa na walakini, kwa hiyo usikitumie kuamua kubaki nyumbani. Kitumie kuacha kuwadharau wadogo. Katika nchi kavu za Kenya kuna nge wa ukoo uitwao Parabuthus, baadhi yao wa rangi ya manjano iliyofifia, mkia mnene kama kidole. Akiudhiwa hukwaruza mwiba wake juu ya mkia akatoa sauti kama msasa unaopitishwa juu ya ubao. Kwa ulivyonieleza, nashuku ndiye, ingawa sikumwona.

Sumu ya nge wa namna ile huenda kwenye mishipa ya fahamu. Chukua mshipa kuwa ni swichi ya taa: huwaka, huzima. Sumu huikwamisha ibaki inawaka. Ndiyo maana mate humiminika, jasho hutoka, misuli hukatikakatika, macho huzunguka yenyewe, mtoto hatulii hata ukimpa ziwa. Ikizidi hufika kwenye pumzi na moyo. Na nge hapimi dozi kwa umri. Kiasi kile kile kinachomliza mtu wa kilo sabini kimeingia katika mwili wa kilo kumi na tano.

Kosa lenu basi ni moja tu kubwa: kuchelewa kwa muda wa saa nane. Kutoka saa tatu usiku mpaka alfajiri. Mate yalipoanza kumtoka palikuwa hapana tena la kujadili.

Mtoto mdogo akiumwa na nge, usingoje dalili. Anza safari. Kwa mtu mzima unaweza kuosha kwa maji na sabuni, ukaweka barafu iliyofungwa kitambaani (huku kwetu waombe wauza samaki, hawanyimi), ukameza vidonge vya paracetamol na kutazama. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Lakini naye akianza kutapika, kumeza kwa shida, kuona maluweluwe au kupumua kwa kuhema, mpeleke. Wazee na wenye maradhi ya moyo wahesabu pamoja na watoto. Na kama nge ameuawa, mtie chupani mwende naye, hata akiwa amepondeka, sisi hatuogopi.

Mama mkwe usimlaumu, alifanya alichofanyiwa. Ila kufunga mguu hakuzuii sumu hii, huzuia damu tu. Kuchanja ndio kabisa: nimeuguza vidonda vya wembe vilivyooza majuma matatu baada ya nge mwenyewe kusahauliwa. Na lile jiwe jeusi kwa kawaida ni mfupa uliochomwa. Hunata kidondani kwa kuwa umejaa vitundu na hunyonya majimaji, basi. Mbona watu huliapia? Kwa sababu nge wengi hawaui mtu mzima. Maumivu yangeisha hata ukibandika kipande cha muhogo, na leo tungekuwa na waganga wa muhogo.

Hospitali mngekuta nini usiku ule? Pengine si dawa ya kuua sumu yenyewe. Ile ya Parabuthus hutengenezwa Afrika Kusini na si kila kituo kinayo. Lakini kuna sindano ya ganzi pale palipoumwa, kuna oksijeni, kuna dawa za kutuliza misuli, na kuna mtu aliye macho kumtazama mtoto. Hilo la mwisho si dogo. Huko India, miaka ya 1980, daktari wa mashambani aitwaye Himmatrao Bawaskar alikaa kando ya vitanda vya walioumwa na nge mwekundu wa kwao, akipima presha na mapigo usiku na mchana, mpaka akaonyesha kuwa kidonge cha bei rahisi cha presha, prazosini, kinaokoa roho. Nge wake si wetu, na kidonge kile kisimezwe nyumbani kwa kusoma hapa. Namtaja kwa kuwa alianza na kutazama.

Nami niliwahi kusema "ah, nge tu huyo." Nilikuwa nikiwaambia wagonjwa hivyo mpaka mwaka wa mvua za El Niño, 1997. Maji yaliingia ndani, na yakiingia huwafukuza nge mashimoni. Nikainua mkeka uliolowa niuanike. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Sindano iliyotiwa motoni hadi ikawa nyekundu, ndiyo ilivyokuwa. Niliita jina la mama yangu, na alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Baada ya saa moja midomo ikawa inatambaa sisimizi, ulimi ukawa mzito kama wa mtu mwingine. Maji yakikigusa kile kidole nilihisi stima. Siku mbili sikuweza kushika kikombe, nilinyweshwa uji na binti yangu, na kidole chenyewe kukitazama hakikuwa na chochote, hata uvimbe wa maana. Hilo ndilo humfanya mtu akuone mwongo. Maneno yale sikuyasema tena.

*Bibi, mimi ni mkulima Witu. Nilipogeuza gogo nikakuta nge mkubwa mweusi, mikono myekundu minene, urefu wa kiganja. Mgongoni alikuwa na vitu vyeupe kama mchele. Wenzangu wakasema ni watoto wake, wanamla mama yao mpaka afe. Tukamuua. Ni kweli? — Mkulima, Witu*

Watoto wake, kweli. Kumla, hapana.

Nge hatagi, huzaa. Hubeba mimba miezi mingi. Hawa wakubwa wanaweza kupita mwaka, kumshinda binadamu. Wakizaliwa, weupe na laini, humpanda mama mgongoni na kukaa huko wiki moja au mbili mpaka wajivue ganda la kwanza. Muda huo hawali kitu, wanaishi kwa akiba waliyotoka nayo tumboni. Wakishuka kila mmoja na njia yake, na hapo afadhali waende mbali, kwa sababu mla watoto, akishikwa na njaa, ni mama.

Huyo mliyemuua, kwa ile mikono, ndiye yule mpole niliyemweleza Baba wa Marafa. Angewauma mngelia kama walioumwa na nyuki, au zaidi kidogo. Tena hula mchwa na mende wa shamba lako. Siku nyingine mchote kwa sepetu umpeleke pembeni.

*Sisi wanafunzi wa Shela tulimzungushia nge duara la moto wa mafuta ya taa. Alijichoma kwa mwiba wake akafa. Mwalimu asema nge hujiua akikata tamaa. Wewe wasemaje? — Wanafunzi watatu*

Nasema mafuta ya taa ni ghali siku hizi, mama zenu wanajua?

Nge hajiui. Sumu yake mwenyewe haimwui kirahisi. Mlichokiona ni mwili mdogo unaokaushwa na moto: misuli hukaza, mkia hujikunja na kupiga ovyo, mwiba unaangukia mgongoni. Amekufa kwa joto. Mlimchoma nyinyi. Mwalimu mpelekeeni salamu zangu, kwa adabu.

*Bibi, kuna kundi la simu linanunua sumu ya nge, wasema lita moja ni mamilioni ya pesa. Nimetoa shilingi 3,500 za kusajiliwa, sasa wataka 6,000 za vifaa. Nimeshakusanya nge ishirini kwenye ndoo. Niendelee? — Kijana, Maweni, Malindi*

Mwanangu, hizo 3,500 zihesabu kuwa karo.

Nge mmoja akikamuliwa hutoa miligramu moja hivi, pengine mbili, mara nyingi hata moja haifiki. Tufanye hesabu ya dukani: kwa miligramu moja kila nge, gramu moja tu ni nge elfu moja. Wewe una ishirini. Na lita? Malindi nzima haina nge wa kukujazia kikombe cha kahawa. Bei yaweza kuwa kubwa kwenye maabara, sikatai. Sumu hufanyiwa utafiti wa kweli, na kitu kilichotolewa katika sumu ya nge wa jangwani kimejaribiwa kuwaonyesha madaktari wa upasuaji mipaka ya uvimbe wa ubongo. Lakini maabara hununua kwa wenye vibali na mashine, kitu kilichokaushwa na kupimwa, si kwa kijana wa Maweni mwenye ndoo. Tena kuvuna wanyamapori wetu kwa biashara bila kibali kunakugonganisha na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Jambo moja limenikosesha usingizi: ile ndoo iko wapi, na nani mwingine analala chumba hicho? Ipeleke porini leo, mchana, umevaa viatu vilivyofunika. Na ukifika pale, ilaze ndoo ubavuni, ondoka. Usiingize mkono kuwahesabu wametimia. Huenda hawatimii, hulana.

*Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Shela, Lamu. Tunapuliza dawa kila mwezi lakini nge wanaonekana tu kwenye makuti. Wageni waniuliza pia kama ni nge wa Lamu tu au wanapatikana kwingine. — Mhudumu*

Dawa ya kupuliza huua mende upesi kuliko nge. Ngozi yake nzito, hupumua kidogo, hutembea juu ya ncha za miguu, mchana kutwa yuko ndani kabisa ya makuti dawa isikofika. Wengine hukaa miezi bila kula. Faida ya dawa ni kumpunguzia chakula, si yeye. Mwambie tajiri wako taa nyeupe za kibarazani azibadilishe ziwe za manjano, maana nyeupe huita kumbikumbi na nondo, nao humwita nge. Kuni na vifusi visirundikwe kwenye ukuta. Na paka waacheni. Lamu tuna paka wa kutosha, na nimemwona mmoja sokoni akimpiga nge vikofi vitatu, pa pa pa, kisha akamla kuanzia kichwani, mkia akauacha.

Wageni uwajibu hivi: tunao wenyeji, na tunao mabaharia. Kuna mmoja mwembamba wa madoadoa, Isometrus maculatus, ambaye amezunguka na shehena za vyombo vya bahari hata leo anaishi kwenye bandari za nchi za joto duniani kote. Wakikuuliza alitoka wapi na kwenda wapi, waonyeshe jahazi.

*Bibi, nikiwa ndani ya swala nikamwona nge, nikate swala? — Msomaji, Faza*

Ya fiqhi muulize maalimu. Nilichosoma madrasa ni kuwa imepokewa ruhusa ya kuwaua weusi wawili hata ndani ya swala, nyoka na nge. Ya uuguzi ni yangu, nayo ni hii: kunja mkeka wa kuswalia baada ya kila swala, utundike, na ukiutandua alfajiri, ukung'ute kwanza.

*Bibi, mimi niko darasa la sita. Kaka yangu alinionyesha nge akiwaka kwa taa ya duka. Kwa nini anawaka? Na anajua kama anawaka? — Msichana, Langoni*

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja katika barua zote kumi na tisa.

Ganda lake lina kemikali ambazo zikipigwa na mwanga wa zambarau, ule tusiouona vizuri, huurudisha ukiwa kijani. Nge aliyetoka kujivua ganda sasa hivi hawaki; huanza kuwaka ganda jipya likikauka na kuwa gumu. Ganda kuukuu aliloliacha nalo huwaka, na nge aliyekufa huwaka, hata wale waliotiwa ndani ya chupa za spiriti miaka na miaka. Kwa hiyo si kwamba anaiwasha kama kimulimuli, hana swichi.

Kwa nini, hapo wataalamu wanabishana. Wengine husema ganda zima humsaidia kuhisi mwanga, ajue kama amefichika au mwili wake uko nje kwenye mbalamwezi, kwa maana macho yake ni mengi lakini hayaoni vizuri. Wengine husema ni bahati tu ya kemikali, haina kazi. Wanachokubaliana wengi ni kwamba mbalamwezi ikiwa kali nge wengi hupunguza matembezi. Na wamo duniani zaidi ya miaka milioni 400, kabla ya ndege, kabla ya maua, na muda wote huo hakuna aliyewamulika kwa kitochi cha noti mpaka juzi.

Kama anajua anawaka? Nimewatazama sana. Ukimmulika kwa ghafla husimama, kama mtoto aliyekutwa na mkono ndani ya kopo la sukari. Ukiendelea kummulika, hujivuta taratibu kwenye ufa. Kitu anajua.

Njoo na kaka yako mwezi ukiwa haupo, baada ya isha, nitamwomba mjukuu kitochi. Mvae viatu vilivyofunika vidole, msije na kandambili. Na ukutani tusishike.